Vitabu Hizi

Mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, nyinyi mnaobaki kwenye madawati ya maktaba, na mmoja wenu akaniambia, "Madam Mbithe, andika kwa upole." Upole wangu niliumaliza kazini. Nimestaafu juzi tu, magoti yananiuma, na hasira niliyotoka nayo bado ni ya moto. Kwa hiyo msitarajie nieleze nilivyopandishwa cheo. Nitawaeleza habari za sabuni, kamba, vibanio vya nguo, na mtoto mmoja wa Kware anayeitwa Nafula. Mkitaka upole, mwombeni atakayestaafu baada yangu.

Nilianza katika maktaba ndogo ya mtaa huko Makadara, Nairobi. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani, mtu wa kushika tindo tangu asubuhi hadi giza, na aliponiona natoka na viatu vya kisigino kwenda kufanya kazi ya vitabu alidhani tumeshafika. Siku ya kwanza msimamizi aliniweka mlangoni. Kazi yangu, alisema, ni kukagua mikono. Kila mtoto anyooshe viganja, nikiona uchafu nimrudishe nyumbani. Hebu fikirieni! Mtaa ambao maji ya mfereji huja yanapojisikia, watoto wametoka kubeba mitungi, wamecheza mpira kwenye vumbi, halafu mimi nisimame pale kama askari wa lango nikichungulia kucha. Ndani vitabu vilikuwa vinang'aa. Vingeachaje kung'aa, na hakuna mtu aliyevigusa?

Aliyekomesha upuuzi huo ni Mzee Ochieng', mshonaji wetu wa vitabu. Alikuwa na kijichumba nyuma ya rafu, na humo mlikuwa na sindano nene, uzi uliopakwa nta, kisu kifupi, na sufuria ya gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe kwenye stovu. Katika gundi alitia mrututu kidogo ili mende wasiifanye karamu. Saa ya chai alipita mlangoni, akanitazama, akaenda zake. Alirudi na karai la maji na kipande cha sabuni ya kufulia, akaviweka miguuni pangu. "Nyar Ukambani," akaniambia, yaani binti wa Ukambani kwa Kijaluo, maana hivyo ndivyo alivyoniita hadi mwisho, "mkono mchafu huoshwa. Haufukuzwi." Msimamizi alipouliza karai ni la nani, Mzee akajibu kwamba ni la serikali. Hakuna aliyethubutu kuliondoa. Karai lile liliona wasimamizi watatu wakija na kuhamishwa.

Mzee ndiye aliyenifunza kazi. Alinifunza kushona mgongo wa kitabu, kubandika ukurasa ulioraruka bila kuufanya mgumu kama mabati, na kutomfokea mtoto aliyerudisha kitabu kimepasuka. "Hicho kilichochakaa ndicho kizima," alikuwa akisema. "Mgonjwa ni huyo anayeng'aa kwenye rafu." Niliwahi kumuuliza mbona basi wagonjwa wetu ni wengi hivi. Akacheka hadi akakohoa.

Wagonjwa walikuwa wengi kwa sababu vitabu vyenyewe havikuwa na habari na sisi. Nusu vililetwa na wahisani kwa makatoni, vimejaa watoto waliovaa soksi za mikononi wakijenga mtu wa theluji. Theluji, Makadara! Nusu nyingine vilikuwa vya shule, na kila hadithi iliishia kwa maswali kumi. Siku moja kijana mdogo kutoka Baba Dogo, baba yake alikuwa kibarua wa kiwandani, alichukua kitabu cha hadithi akakifungua mwisho kabisa. Akatafuta, akageuza, akatafuta tena. "Madam, hii maswali iko wapi?" Nikamwambia hakina maswali. Akaniangalia kwa mashaka. "Sasa ni ya nini?" Mtoto amefunzwa kwamba hakuna asomaye ila anayengoja kuulizwa, na waliomfunza hivyo ndio walionung'unika kila mwaka kwamba watoto wa Eastlands hawapendi kusoma. Nilitamani kuwakamata masikio.

Vibonzo vililetwa na Mzee Ochieng', kwa pesa zake, kutoka kwa wauza magazeti ya zamani kando ya Jogoo Road. Hadithi za picha: maboksi yaliyopangwa ukurasa mzima, watu wanaozozana, na juu ya vichwa vyao vile viputo vyeupe vyenye maneno. Watoto walivibatiza siku hiyo hiyo. Wakaviita mapovu, kwa kuwa vinamtoka mtu mdomoni. "Hapa nani anatoa povu?" "Ni mama wa chapo!" Na ndani ya povu walikuta watu wanasema niaje kwa kusalimiana, wanasema zii kwa kukataa, wanasema maneno ya ploti yao wenyewe, yale majengo ya vyumba vya kupanga wanamoishi. Karai la maji likawa linabadilishwa mara tatu kwa siku. Mzee akawa anashona hadi anasahau chai. Alistaafu akaniachia sindano zake, na baadaye tulimzika kwao Siaya, na mimi sikuzisahau mbinu zake.

Miaka ikaenda, nikapelekwa Kware kufungua chumba cha kusomea. Kilikuwa chumba kimoja cha chini kilichokusudiwa kuwa duka, chenye mlango wa chuma wa rangi ya buluu. Mnaijua Kware: magorofa yamesogeleana hadi jirani anaweza kumpa jirani chumvi dirishani, na jua huingia uchochoroni saa sita, likasalimia, likaondoka. Watoto walijaa kabla sijafungua katoni la kwanza. Na ofisi ilikuwa imenipa nini? Vibonzo nakala moja moja, kila hadithi nakala moja. Watoto wale wote, wagombanie kitabu kimoja kama kunguru na mfupa!

Nikafanya jambo ambalo lingemliza Mzee. Nikang'oa pini, nikakata vibonzo katikati, nikavuta kamba ya nguo kutoka nguzo ya ploti moja hadi dirisha la ploti nyingine, nikaning'iniza kurasa kwa vibanio kwa kufuata mpangilio. Kwa kuwa karatasi ina pande mbili, mtoto anasoma mbele, anainama chini ya kamba, anasoma nyuma, anarudi mbele kwa karatasi inayofuata. Ukisimama mbali ungeona vichwa vinaingia na kutoka, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na mimi nikakumbuka uzi wa Mzee Ochieng' ukipita mgongoni mwa kitabu. Hadithi moja ilisomwa na watoto ishirini kwa mpigo bila kofi hata moja.

Vita vilikuwa na wenye nguo. Jumamosi Kware nzima inafua, na kamba ni kamba. Kuna mama alianika blanketi bichi juu ya ukurasa wa nne, na watoto wote wakakwama pale mwizi anapofikia mlango. Kelele zilizopigwa siku hiyo! "Mama Stacy, toa blanketi, tuone kama ameshikwa!" Mama Stacy akatoa, akasoma kidogo ajue ni nini hasa, akasahau maji ya kusuuza. Tangu hapo tukagawana: upande wa tangi la maji ni wa nguo, upande wa mlango wa buluu ni wa hadithi.

Nafula alikuja katika kundi hilo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mdomo haulali. Aliishi na shangazi yake, Mama Brayo, mkata mboga za sukuma wiki za kuuza pale kwenye kona ya ploti, mama wa Kibukusu asiyecheka ovyo. Nafula alimwita senge, ndilo shangazi kwa Kibukusu. Mtoto huyo alikuwa ndiye msimulizi wa kamba. Wadogo walimfuata ukurasa kwa ukurasa naye akiwaeleza nani kasema nini, kwa sauti za watu wote, mzee, mlevi, mbwa. Nilidhani nimepata hazina.

Kisha tukafika kwenye picha moja ambapo mwanamume anatabasamu, amemnyooshea mtoto begi. Nafula akasimulia, "Hapa anamwambia, shika begi yako, nimekurudishia." Kijana mmoja nyuma akapasuka kicheko. "We Nafula! Povu inasema, ona hii begi, sikupei!" Watoto wote wakacheka. Nafula akainamisha shingo. Mtoto alikuwa anasoma nyuso. Maneno hakuyajua hata moja, na alikuwa darasa la tano. Darasa la tano! Madarasa manne walimu wamempitisha kama mzigo, huyu anamsukumia yule, kila ripoti imeandikwa "ajitahidi". Ajitahidi kufanya nini, na nani alimwonyesha?

Nilimfuata Mama Brayo kibandani. Aliendelea kukata sukuma, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama. "Najua," akasema. "Nimeitwa shule. Madam, mimi sina nguvu ya kulipia mtu kukaa tu kwa dawati. Kuna mama mmoja Buruburu anataka msichana wa kumshikia mtoto. Shule ikifungwa kama bado hajui kusoma, ataenda."

"Mama Brayo, huyo ni mtoto, anapelekwa kushika mtoto?"

"Wewe umewahi kuona nikimpiga? Nampenda. Lakini kusoma kwa kujifanya hakutamlisha."

Nilikuwa na muhula mmoja.

Sasa sikilizeni, kwa maana hii ndiyo kazi. Sikumpa Nafula kitabu cha herufi chenye picha ya bata. Nilichukua kibonzo kilichochakaa kabisa, nikabandika karatasi nyeupe juu ya kila povu, nikamwambia, "Wewe si una mdomo? Huyu anasema nini?" Akasema, "Niaje buda, si unipee maji." Nikaandika hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Unipee. Sikumwambia ni unipe. Kisha nikamwambia asome. Akasoma, kwa kuwa maneno yalikuwa yake na hakuna anayeweza kusahau povu lake mwenyewe. Kesho yake nikayachanganya, akayapanga. Wiki ya tatu akaanza kuyawinda maneno yake kwenye kurasa za wengine: "Madam, ona, hii pia ni maji!"

Alipoanza kushika, nikamletea mchezo niliouita Mtaa au Mtihani. Nasema, "Kiti yangu imevunjika." Watoto wanapiga kelele, "Mtaa!" Halafu wanaigeuza, "Kiti changu kimevunjika," na hiyo ni ya mtihani. Hakuna aliyeambiwa kwamba mama yake anaongea vibaya. Niliwaambia wana nguo mbili, ya kuchezea na ya kuendea kanisani, na mtu mwenye nguo mbili si maskini. Nafula akawa hatari. Akawa anamsahihisha hadi mhubiri wa kipaza sauti, na mimi namfinya anyamaze.

Na hapo ndipo ofisi kuu ilipoamka. Kwa miaka yote niliyoomba rafu, haikuamka. Nilipoandika kwamba mvua inaingia, haikuamka. Lakini mtu fulani alipita Kware akasikia kwamba kwenye kamba ya maktaba kuna neno "buda" na neno "zii", loo, wakakesha kwa vikao. Lugha inaharibiwa! Watoto wanapotoshwa! Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuinama chini ya ile kamba.

Walikuja Jumamosi ya kufunga shule. Nilikuta afisa, kijana mtanashati, ameshabandika karatasi kwenye mlango wa buluu, na vijana wawili wa mizigo wanatungua kurasa na kuzitupa katonini pamoja na vibanio vyangu. "Madam, mimi nimetumwa tu," akasema kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia mjumbe hauawi, lakini vibanio ni vyangu, nilivinunua soko la Mutindwa, avirudishe mara moja. Akavirudisha. Ndiyo ushindi pekee niliopata siku hiyo kwa kelele zangu.

Mama Brayo alikuwa ameshafika. Amemshika Nafula mkono, na mkono mwingine ana begi la nguo limefungwa. Alikuwa amekuja kuniaga kwa heshima, wakitoka hapo waende Buruburu. Nikamwambia, "Mama Brayo, mtoto anasoma." Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayetaka kuongezewa. "Wapi? Mbona hizo karatasi zake zinabebwa? Atasoma nini niamini?"

Nafula akautoa mkono wake. Akaenda mlangoni, mahali pekee palipobaki na maneno. Akasoma kwa sauti ya kamba, ile ya kila siku:

"Tangazo. Vitabu hizi za katuni zinaharibu Kiswahili cha watoto. Haziruhusiwi hapa. Zitaondolewa leo."

Kisha akageuka, macho yamemtoka. "Mtaa!" akapiga kelele.

Watoto wote uchochoroni wakaitikia, "Mtaaa!" Hata Mama Stacy, dirishani juu, na soksi mkononi.

"Nini?" afisa akauliza.

"Si ni vitabu hivi?" Nafula akamwambia, kwa heshima kabisa, kidole kikipita mstari kwa mstari. "Vitabu hivi vya katuni vinaharibu. Haviruhusiwi. Vitaondolewa. Hii umeandika ni ya mtaa. Si mbaya, lakini kwa tangazo unaandika ya mtihani."

Afisa akasogea, akasoma, midomo inacheza. Akageuka rangi. "Nani amekufundisha hivyo?"

Nafula akaonyesha katoni begani mwa kijana wa mizigo. "Si hizo mmebeba."

Jamani, mngefanyaje nyinyi? Mtu mwenye haya angeteremsha katoni. Angeketi hata kwenye ndoo, ajiulize. Yule bwana alitoa kalamu nyekundu mfukoni, akasahihisha tangazo. Hivi. Vya. Vinaharibu. Nafula akimwonyesha palipobaki! Alipomaliza akaangalia kazi yake, akaridhika, akawaambia vijana wapakie. Gari likaondoka na hadithi zetu zote. Sarufi walichukua, mtoto aliyewapa sarufi wakamwacha na kamba tupu. Niliandika malalamiko, nikaandika tena, na mpaka leo hayajajibiwa.

Mama Brayo aliweka begi chini. Akaenda mlangoni, akaanza kubandua lile tangazo taratibu, kona kwa kona, lisiraruke. Afisa alishaondoka, hakuna wa kumzuia. "Hii ni ya mtoto wangu," akasema. Halafu akaniambia, "Huyo mama wa Buruburu atafute mtu mwingine." Akalia hapo hapo, na mimi nikalia, na Nafula akatuuliza sasa tunalia nini.

Waliniaga ofisi kuu kwa keki na saa ya ukutani. Mtu anastaafu unampa saa, aangalie nini? Nilikuwa nimewaambia zawadi ninayotaka ni katoni moja ya vibonzo vyangu. Wakacheka, wakidhani natania. Nilipokwenda kunywa maji nikayaona makatoni yenyewe, bado yamefungwa kwa utepe wa gundi, yamewekwa chini ya mtungi wa maji ili mtu asiiname. Niliwaambia mbele ya keki yao yote niliyofikiria. Ndiyo maana picha ya kuniaga mnayoiona kwenye ubao sicheki.

Wiki iliyopita nilipita Kware kumsalimia Nafula. Yuko darasa la sita. Ni chumba kimoja, pazia katikati, jiko, vitanda, na ndani yote hamna kitabu ila vya shule. Ukutani, juu ya kitanda chake, limeshikwa na kibanio changu kimoja, kuna tangazo la kupiga marufuku vitabu, na masahihisho yake mekundu. Mama Brayo huwaonyesha wageni kama watu wanavyoonyesha cheti.

Nafula aliniona nikiliangalia. "Madam, hiyo nimeisoma hadi nimeijua yote," akaniambia. "Uko na ingine?"

Nilifungua mkoba. Miwani, leso, mwavuli. Kazi ya maisha yangu yote ni kumpa mtoto kitabu, na mbele ya mtoto huyo sikuwa na ingine.

Basi nimenunua kamba. Nimewaendea wauza magazeti ya zamani wa Jogoo Road, na sindano za Mzee Ochieng' bado zina ncha. Jumamosi nitaifunga palepale, kutoka nguzo hadi dirisha la Mama Stacy, na hapo si maktaba ya mtu, ni uchochoro wa nguo. Njooni na karai. Na mwenye tangazo lake alilete tu, alibandike. Tutalisoma.